Ukiulizwa, Sema Nzuri

Sehemu ya tatu

MMENITUKANA wiki nzima. Mhariri amenisomea ujumbe wenu mmoja baada ya mwingine. Msomaji mmoja wa Sengerema ameandika kwamba mwanamke kama mimi hastahili kuamkiwa hata na mtoto wa chekechea. Nimepokea. Lakini yabakizeni matusi mengine, maana ya leo ni mabaya kuliko yote niliyowasimulia.

Kwa anayeanza nami leo, mambo yako hivi. Naitwa Bernadeta, ila hapa Buhongwa wananiita Mama Kabula. Ni fundi cherehani, ni mjane, nina miaka hamsini na miwili. Nimepanga nyumba yenye pande mbili. Upande wa pili, ukuta kwa ukuta, anakaa Venant, mwenye duka la dawa.

Kwa miaka minne nilisikia kupitia ukuta ule Venant akimpiga mwanamke aliyekuwa akiishi naye, Ng'washi. Na kila asubuhi nilikutana na Ng'washi bombani.

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Tumshukuru Mungu," nasema mimi, najitwisha ndoo yangu, naondoka.

Ng'washi aliondoka mwaka juzi, sikio la kushoto halisikii tena.

Wiki iliyopita niliishia pale mzee Ngosha alipokuja kutoka Kisesa kuniuliza habari za Venant. Venant alikuwa amemposa Selina, binti wa marehemu mdogo wake mzee. Na mama yake Selina si mtu baki. Ni Paskazia, rafiki yangu tangu tuko wasichana, tunaimba kwaya moja.

Mzee aliniuliza mara tatu. Mara ya kwanza nikasema, "Ni kijana mwenye adabu." Mara ya pili nikasema, "Anaamkia watu." Mara ya tatu nikamwongezea chai.

Sikudanganya hata neno moja. Ndicho kinachonitia kinyaa mpaka leo.

* * *

Siku tisa kabla ya kicheni pati, Selina alikuja nimpime gauni. Ni binti wa miaka ishirini na minne, anauza kwenye duka la vifaa vya shule kule Nyegezi, karibu na chuo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Kazini?"

"Kuzuri."

"Na mwenzio?"

"Yupo. Anakusalimia sana."

Nikachukua futi. Nikamwambia avue sweta nipime mabega. Akasitasita, kisha akavua huku ananipa mgongo.

Juu ya kiwiko cha kushoto kulikuwa na alama nne zimepangana, na ya tano upande wa nyuma. Zilikuwa zimeanza kugeuka rangi, kutoka zambarau kwenda kijani.

"Umefanya nini hapa?"

"Nilijigonga kwenye mlango wa dukani."

"Pole sana."

"Asante mama. Nimeshapoa."

Mlango gani una vidole vitano? Lakini sikuuliza hivyo. Nikazungusha futi kiunoni, nikaandika namba kwenye kipande cha kalenda.

"Mama," akasema, "mikono ya gauni, si tulisema iishie hapa juu?"

"Ndiyo."

"Inaweza kushuka kidogo?"

"Mpaka wapi?"

Akagusa kifundo cha mkono. "Mpaka huku."

"Na joto hili?"

"Siku hizi nasikia baridi."

Alijua kwamba najua. Nami nilijua kwamba amejua. Tukatabasamiana kama wafanyabiashara wawili waliokubaliana.

"Itakupendeza," nikasema.

Alivaa sweta lake, akaaga, akafika mlangoni. Hapo akasimama, ameshika pazia.

"Mama Kabula."

"Naam."

"Eti, yule dada aliyekuwa anakaa na Venant. Aliondoka kwa nini?"

Wasomaji, mimi nimeulizwa maswali mengi maishani. Hili ndilo pekee ambalo mtu aliniuliza akiwa anategemea jibu langu limwokoe. Alikuwa hapumui. Niliona kabisa kwamba hapumui.

"Hawakuelewana tu, mwanangu," nikasema. "Mambo ya kawaida ya watu."

"Sawa. Asante mama."

"Karibu tena. Msalimie mama."

Nikakaa kwenye cherehani. Siku ile ile nikakata kitambaa cha mikono, mirefu, na nikakikata vizuri.

* * *

Siku ya pili yake, jua likielekea kuzama, Venant alikuja kwangu. Alisimama nje mpaka nilipomkaribisha mara mbili. Akavua viatu ingawa nilimwambia asivue. Akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, akainama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Alikuwa na mfuko wenye sato wawili wakubwa, wabichi, macho yao bado yanang'aa.

"Mzee Ngosha ameniambia ulivyonisemea," akasema. "Nimekosa neno la kukushukuru."

"Nilisema ninachokijua."

"Ndiyo maana nakushukuru, mama. Hukuzidisha."

Alitabasamu. Ana meno mazuri, meupe, ya mtu anayejitunza.

"Unajua nyumba zetu hizi," akaendelea kwa sauti ile ile ya chini, "ukuta wa tofali moja. Jirani mwingine angekuwa anasikia hata yasiyomhusu."

"Mimi nikilala nimelala, baba."

"Na mchana cherehani inapiga kelele."

"Inapiga kelele sana."

"Mungu akutunze, mama yangu."

Nikamsindikiza mpaka getini. Nilimsindikiza! Nikamwambia apite salama, wakati mlango wake uko hatua nane kutoka kwangu.

Kisha nikapara wale samaki. Nikawakaanga, nikawaunga kwa nyanya na kitunguu, nikasonga ugali, nikala. Na nitawaambia jambo ambalo sijamwambia hata padri. Walikuwa watamu. Nililamba vidole.

Nilipoviangalia vile vidole vinavyong'aa mafuta, nilikimbilia chooni. Nikatapika mpaka kamasi na machozi vikachanganyika. Nilitoka mle nimeshika ukuta, ukuta ule ule, na nikamsikia upande wa pili Venant anapiga mluzi wimbo wa kanisani.

Hapo ndipo nilipoapa kwamba kesho yake naenda kwa Paskazia.

* * *

Nilimkuta uani kwake Nyegezi, anapepeta mchele wa shughuli.

Tulisalimiana. Habari za kwako, nzuri. Za Kabula, mzima. Za mguu, unaendelea vizuri. Za kwaya, tunamshukuru Mungu. Akaniletea kiti. Akaniletea ndizi na maharage. Nikasema nimeshiba, nimetoka kula. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu jana yake. Akasema nionje tu. Nikaonja, nikamaliza sahani.

"Paskazia," nikaanza, "hivi mtu akiwa na wasiwasi na safari, si inaweza kusogezwa mbele?"

"Safari gani?"

"Nasema tu."

"Nani anasafiri?"

"Hakuna. Nilikuwa nawaza."

Akaendelea kupepeta. Nikajaribu kwa njia nyingine.

"Kuna wanaume, nje watulivu, ndani wana hasira."

"Nani hana hasira? Marehemu baba Selina alikuwa na hasira, na tulizeeka naye."

"Wengine hasira zao zina mikono."

Paskazia akaweka ungo chini. Akanitazama kwa huruma, ile huruma inayochoma.

"Mama Kabula, dada yangu. Najua Kabula bado hajapata mtu. Sisi tumepata. Kama roho inakuuma, niambie tu, tusali pamoja. Sitakasirika."

Alisema kwa upole wote. Nikahisi kofi.

"Venant anampiga Selina," nikasema. "Alimpiga Ng'washi miaka minne, nikiwa nasikia. Na mkono wa mtoto nimeuona kwa macho yangu."

Kuku akaja akadonoa mchele uliomwagika. Paskazia akamfukuza.

"Punguza sauti," akasema. "Wifi yangu yuko jikoni."

"Paskazia!"

"Nimesikia."

"Ulikuwa unajua?"

"Mkono ule nimeukanda mimi kwa maji ya moto. Sasa ulidhani nani asiyejua?"

Nilihisi kama nimekanyaga kitu kilichooza.

"Na bado unamtoa mtoto?"

"Kanisani wametangaza ndoa Jumapili moja, kesho ni ya pili. Kadi zimefika mpaka Geita, mpaka Ukerewe. Ukoo wa marehemu unasubiri niaibike tangu siku nilipomzika. Nisimame mbele yao niseme nini?"

"Sema ukweli."

Akacheka, kicheko kikavu.

"Wewe mzee Ngosha alipokuuliza, ulisema nini?"

Nikaanza kuokota mchele uliomwagika.

"Ulisema ana adabu. Mzee akarudi hapa anasema, yule mama asiye na mdomo mchafu, asiyesema watu, amemsifu. Mimi nilikuwa nimeshapanga kukataa, Bernadeta. Nilikuwa nasubiri neno lako moja tu nipate pa kushika. Wewe ukampa mzee chai."

Alikuwa hajaniita Bernadeta kwa miaka zaidi ya ishirini.

Akafuta macho kwa ncha ya khanga. Alipoishusha, uso ulikuwa umeshajipanga upya, uso wa mama wa bibi harusi.

"Jumamosi ijayo usikose," akasema. "Nimekuweka useme neno, kama jirani wa mkwe wangu. Dakika tano tu. Najua utanisitiri."

"Nitakuja."

"Asante kwa kunitembelea."

"Asante kwa chakula."

Ndivyo tulivyoagana. Mtu aliyetuona kutoka barabarani angesema, wale ni marafiki.

* * *

Kicheni pati ilikuwa saa nane mchana, kwenye ukumbi ulio kando ya barabara ya Shinyanga. Wanawake kama mia na hamsini, sare ya kitenge cha bluu na njano. Nusu ya zile sare nilizishona mimi.

Selina alikaa mbele kwenye kiti kilichopambwa, kichwa chini. Gauni lilimkaa vizuri. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na mikono mirefu imemganda mwilini.

Mfundaji alikuwa mama mmoja anaitwa Dorcas, kutoka Igoma. Anajulikana mji mzima kwa kufunda mabinti. Ana sauti ya kuamsha kijiji, na kipaza sauti akakishika kana kwamba amezaliwa nacho.

"Akirudi amenuna?"

"Mpokeeee!" ukumbi ukaitikia.

"Akitupa sahani?"

"Okotaaa!"

"Jirani akikuuliza za nyumbani?"

"Nzuriiii!"

"Mama mzazi akikuuliza?"

"Nzuriiii!"

Na mimi niliitikia. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, umezoea.

Dorcas akaziba jicho moja kwa kiganja, akatembea anapepesuka. "Na ukiwa umevimba hivi? Unasemaje, mwari?"

Selina hakuinua kichwa.

"Sema umeumwa na nyuki!"

Ukumbi ukalipuka. Vigelegele. Wanawake walicheka vinywa wazi, vipande vya kuku vinaonekana kwenye meno, mafuta ya nywele yananuka, wanapigana mabegani. Niliwatazama mmoja mmoja. Wengine nilijua nyumba zao. Wengine nilishawahi kuwarefushia mikono ya magauni na wao, nikawaambia itawapendeza.

Nikaweka sahani yangu chini ya kiti.

"Na sasa," akasema Dorcas, "tumsikie mama jirani wa bwana harusi!"

Nikaenda mbele. Paskazia, meza ya kwanza, akanikonyeza kidogo kama anayeniombea.

"Kina mama, shikamooni."

"Marahabaaa!"

"Mimi ni jirani wa Venant. Kati yetu kuna ukuta wa tofali moja. Mimi nasikia."

Baadhi wakaanza kutabasamu, wanasubiri utani.

"Nilimsikia akimpiga Ng'washi kwa mkanda. Nilimsikia akimwambia alie kwa kunong'ona. Kukicha ananiamkia, namwitikia. Mzee Ngosha aliniuliza, nikamficha. Selina mwenyewe aliniuliza, nikamficha. Gauni hilo mnalolisifia, mikono nimeirefusha mimi ili msione alichofanywa. Mtoto huyu asiolewe na yule mtu. Nimemaliza."

Kijiko kikaanguka mahali fulani. Feni ikawa inasikika.

Dorcas akanijia taratibu. Akachukua kipaza sauti mkononi mwangu, kwa mikono yake yote miwili, kwa heshima.

"Makofi kwa mama yetu!" akasema. "Mmeona igizo hilo? Hivyo ndivyo jirani mbaya anavyokuja kubomoa nyumba! Selina, akija jirani na maneno kama haya, unamfanyaje?"

Pumzi mia na hamsini zikashuka kwa pamoja.

"Mfukuzeeee!"

Wakacheka kama watu walioponea kwenye ajali. Muziki ukafunguliwa. Mama mmoja mnene akaja kunikumbatia, ananuka pilau.

"Mama, umeigiza! Mimi nilidhani kweli, moyo ukanipasuka!"

Na uso wangu ulifanya nini? Ulitabasamu. Nilihisi mashavu yanapanda, siwezi kuyazuia. Hata laana ya mtu nadhani ningeijibu asante.

Hapo Selina akainuka kitini, kitu ambacho mwari haruhusiwi. Akaja akapiga magoti mbele yangu. Vigelegele vikazidi, watu wakidhani ameguswa na fundisho. Nikainama kumwinua, akanikumbatia kwa nguvu, simu ishirini zinatupiga picha.

"Nitoe hapa," akaninong'oneza.

Nikamgeukia Dorcas, nikainamisha kichwa.

"Samahani sana mwalimu, uzi wa gauni umeachia mgongoni. Naomba dakika mbili nimsitiri mtoto."

"Wahi mama, wahi!"

Tukapita katikati yao tukiomba radhi huku na huku. Kila mtu alitupisha.

* * *

Nyuma ya ukumbi wapishi walikuwa wanaosha masufuria. Kulikuwa na dimbwi la maji ya kunyonyolea kuku, manyoya yanaelea. Selina akakaa juu ya kreti la soda, gauni lake jeupe linagusa tope.

"Sirudi ndani," akasema.

Mara Paskazia akatokea mlangoni.

"Kuna nini? Watu wanauliza."

Akamshika binti yake begani.

"Selina, mama, twende. Tutaongea nyumbani."

"Mama, umecheka."

"Nimecheka nini?"

"Dorcas aliposema nyuki. Nilikuwa nimeinama, lakini nilikuwa nakuangalia. Juzi umenikanda mkono unalia. Leo umecheka."

Paskazia alifungua mdomo kujibu. Akabaki hivyo, uso wa mtu aliyetafuna kitu akagundua kimeoza. Kisha akatema mate chini. Paskazia, ambaye tangu nimjue hajawahi kutema mate mbele ya mtu.

"Nimecheka," akasema. "Mama Kabula, nimecheka kweli."

Akajifuta mdomo kwa kitenge cha sare, akafuta, akafuta, mpaka rangi ya midomo ikamtapakaa shavuni. Akavua viatu vya kisigino, akaviacha palepale kwenye manyoya.

"Tafuteni bajaji."

"Twende wapi?"

"Parokiani. Kesho ndiyo tangazo la tatu la ndoa. Na wewe Bernadeta unakuja. Huko hutapata kikombe cha chai cha kujifichia."

* * *

Katekista Maige alikuwa peke yake ofisini, anapanga bahasha. Ni mzee mpole, taratibu zake ni ndefu kama misa ya Pasaka.

"Karibuni, karibuni! Tumsifu Yesu Kristu. Mama Selina, habari za shughuli?"

"Mbaya," akasema Paskazia.

Maige akashtuka kama amemwagiwa maji. Nadhani katika miaka yake yote ya utumishi hakuna aliyewahi kumjibu hivyo.

Tukamweleza. Selina alisema mwenyewe, kwa sauti ndogo lakini hakukatisha. Alipomaliza, Maige akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Binti akikataa, ndoa hakuna," akasema. "Hilo halina mjadala. Tangazo la kesho nalizuia. Tatizo liko moja. Kesho watu watauliza sababu. Yule Ng'washi hawakufunga naye ndoa, kwa hiyo kwenye karatasi zetu Venant hana doa. Tukinyamaza kwa heshima, watasema binti ndiye mwenye kasoro. Mnaujua mji huu."

"Tunaujua," nikasema.

"Basi lazima mtu aliyesikia aandike alichosikia. Atie saini."

Paskazia na Selina hawakunitazama. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Waliangalia sakafu, wananistahi, wananipa nafasi ya kukwepa kama nilivyokwepa siku zote.

"Nipe kalamu," nikasema.

Nikaandika ukurasa mzima na nusu. Siku ninazozikumbuka, maneno niliyoyasikia, mkanda, kilio, sikio. Herufi zikatoka kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nikatia saini jina langu lote.

Maige akasoma kimya. Akaiweka karatasi mezani.

"Padri anataka jambo kama hili asomewe mhusika mwenyewe, mbele ya aliyeliandika. Uko tayari?"

"Lini?"

Akatazama saa ya ukutani, kisha akatazama mlango. Nikaona uso wake umebadilika.

"Nilikuwa nimesahau," akasema. "Saa kumi Venant ana miadi hapa. Analeta cheti chake cha ubatizo."

Ilikuwa saa kumi na dakika mbili.

Kivuli kikaingia kabla ya mwenyewe. Shati jeupe limepigwa pasi, bahasha mkononi. Venant alimwona Maige kwanza, kisha mimi. Hakuwa amewaona Paskazia na Selina, waliokaa pembeni, wamekingwa na kabati la vitabu.

Akaja moja kwa moja, akainama, mkono mbele, kiwiko kimeshikwa.

"Shikamoo mama."

Sikuitikia.

Hamuwezi kujua ni kazi ngumu kiasi gani. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, linasukuma. Nikayabana meno.

Mkono wake ukabaki hewani. Maige akakohoa.

"Mama Kabula," akasema kwa upole, kwa mazoea tu, maskini, "umeamkiwa."

Nikamtazama Venant machoni.

Akanyooka polepole. Akaona karatasi mezani. Akageuza shingo, akamwona Paskazia miguu mitupu, rangi imemtapakaa shavuni. Akamwona Selina.

Tabasamu halikuondoka, lilibaki palepale, ila macho yaliyokuwa juu yake yalikuwa ya mtu mwingine, mtu ambaye nilikuwa namjua kwa sauti tu.

"Naona nimekuta kikao," akasema.

Akaweka bahasha juu ya meza kwa mikono miwili. Akarudi mlangoni, akausukuma mlango ukajifunga, akateremsha komeo. Kisha akavuta kiti, akakiweka kati yetu na mlango, akakaa, akakunja mguu juu ya mguu.

"Haya, katekista," akasema. "Soma."